UZI: Madalali wa kikapu cha vyuo Marekani. Pesa imehalalishwa, wajomba wamebaki pale pale

Mzee wa Ribaundi (mwanzisha uzi)

Habari za saa hizi wakuu.

Kila Machi jukwaa hili linajaa ubishi wa nani atabeba ubingwa wa vyuo. Leo naomba turudi nyuma miaka mitatu au minne kabla ya Machi hiyo, pale dogo yuko sawa na kidato cha pili, urefu umeshapita mlango, na tayari ana "mjomba" ambaye hakuna anayejua ukoo wake.

Tarehe 26 Septemba 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani pale New York walitangaza watu kumi kukamatwa. Wanne ni makocha wasaidizi wa timu za vyuo: Chuck Person wa Auburn, Lamont Evans wa Oklahoma State, Emanuel Richardson wa Arizona na Tony Bland wa USC. Wengine ni Jim Gatto, mkubwa wa masoko ya michezo Adidas, Merl Code aliyekuwa anashirikiana na kampuni hiyo, Christian Dawkins, kijana aliyejifunza kazi kwa mawakala, kisha mshauri wa fedha, na fundi wa kushona suti. Naam, fundi wa suti. Biashara ikinona hata cherehani inapata fungu.

Kilichoibua yote ni mtu mmoja wa Pittsburgh, Marty Blazer, mshauri wa fedha aliyebanwa kwa kula hela za wateja wake. Ili apunguziwe adhabu akakubali kuzunguka na FBI wakirekodi.

Njia za upigaji zilikuwa mbili. Ya kwanza, kampuni ya viatu inatoa pesa, zinapita kwa watu wa timu za kiangazi (zile za AAU, hazihusiani na shule), zinafika kwa familia, na dogo anachagua chuo chenye mkataba na kampuni ile ile. Akiingia NBA, mguu wake una mwenyewe tayari. Ya pili, wakala au mshauri wa fedha anamhonga kocha msaidizi, kocha anamwambia mchezaji: ukianza kulipwa, hela zako mpe fulani akusimamie. Kwa nini msaidizi na si kocha mkuu? Kwa sababu msaidizi ndiye anayelala kwenye simu na dogo, ndiye anayejua mama anaumwa nini, na mshahara wake ni mdogo ukilinganisha na wa bosi.

Chukua Brian Bowen wa Saginaw, Michigan. Alijiunga na Louisville, chuo cha Adidas, mwezi Juni 2017. Baadaye ikajulikana familia iliahidiwa dola 100,000 kwa awamu nne. Baba yake alieleza mahakamani jinsi alivyopokea karibu dola 20,000 taslimu kwenye maegesho ya magari huko New Jersey. Kijana alisema hakujua chochote. Hakucheza hata dakika moja ya kikapu cha chuo, akaishia kwenda Australia kuchezea Sydney Kings. Kocha wake, Rick Pitino, aliyekuwa analipwa zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka, alifukuzwa Oktoba ile. Hakushtakiwa, alikana kujua lolote, na leo anafundisha St. John's.

Sasa angalieni: mwezi mmoja tu kabla ya watu kukamatwa, Louisville na Adidas walikuwa wametangaza mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 160. Hiyo ilitangazwa kwa picha na makofi. Ya baba ilipelekwa maegesho.

Kilichonifanya nifungue uzi ni namna kesi ilivyoamuliwa. Oktoba 2018 jopo la wananchi liliwakuta Gatto, Code na Dawkins na hatia ya kula njama za udanganyifu. Aliyedanganywa nani? Chuo! Hoja ya serikali ni kwamba chuo kilitoa ufadhili wa masomo kwa kijana kikiamini ni mchezaji wa ridhaa, kumbe familia imelipwa, hivyo chuo kimetapeliwa. Gatto akapata miezi 9, wenzake miezi 6. Dawkins na Code walirudi tena kizimbani 2019 kwa hongo za makocha. Makocha wasaidizi walikiri, Evans na Richardson wakalala ndani miezi mitatu mitatu, Person na Bland hawakufungwa. Kocha mkuu hata mmoja hakupanda kizimbani.

Msimamo wangu: dalali alishika hatamu kwa sababu mwenye kipaji alikatazwa kupokea. Aliyesimama karibu naye akapokea kwa niaba yake, na hakuna risiti. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, ile wanayoita NIL. Tangu Julai 2025, baada ya maridhiano ya kesi ya House (wanamichezo waliodai walipwe), chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake wote, na kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, kikomo kilikuwa jumla ya dola milioni 20.5. Ilitegemewa mjomba afe njaa. Hajafa. Na kwa vijana wanaotoka huku kwetu, naona kanenepa zaidi.

Karibuni, matusi pembeni.

---

Kapuku Original

Mkuu umeandika vizuri ila umeanzia mbali na mwanzo. 2017 ni juzi. Nenda Detroit. Kulikuwa na mzee anaitwa Ed Martin, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha Ford, anaendesha bahati nasibu haramu humo humo viwandani. Alikuwa karibu na wachezaji tangu wako shule: keki kwa mama, viatu, hela ya kodi. Februari 1996 gari la mchezaji wa Michigan, Maurice Taylor, linapinduka usiku, ndani yumo Mateen Cleaves ambaye ndio kwanza anashawishiwa kujiunga. Watu wakaanza kuuliza gari la bei ile limetoka wapi. Ilipofika 2002 hati ya mashtaka ilisema mzee alitoa dola 616,000 kwa wachezaji wanne, Chris Webber akiwemo. Chuo kikashusha bendera za fainali za 1992 na 1993.

Mzee alikiri kutakatisha fedha, akafariki 2003 kabla ya kuhukumiwa. Kule mtaani wapo wanaomkumbuka kama mfadhili, na mimi siwalaumu.

---

Omwami wa Kakamega

@Kapuku Original hapo umenena buda. Na kabla ya Ed Martin kushikwa, kulikuwa na Sonny Vaccaro. Huyu alikuwa na mashindano ya vijana Pittsburgh tangu 1965. Mwaka 1977 akaingia Nike, akawauliza swali moja tu: kwa nini msimlipe kocha wa chuo, halafu kocha awavalishe vijana viatu vyenu? Vijana hawalipwi, kwa hivyo ukimnunua mtu mmoja umepata timu nzima, na iko kwa runinga. Baadaye akahamia Adidas, kisha Reebok, na kila alikohama wachezaji wa shule za upili walihama naye.

Kinachonichekesha ni kwamba ni huyo huyo Vaccaro aliyekuja kusimama nyuma ya kesi ya Ed O'Bannon, mchezaji wa zamani wa chuo, dhidi ya NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), iliyofunguliwa 2009 na kuanza kubomoa ukuta. Mtu aliyejenga soko ndiye akasema wenye mali walipwe.

---

Binti Kurasini

Naomba kuuliza bila kuchekwa. NCAA wenyewe wanapata ngapi mpaka wakawa wakali hivyo kwa mama aliyelipiwa kodi?

---

Mzee wa Ribaundi

@Binti Kurasini hakuna wa kukucheka dada. Mashindano ya Machi peke yake yaliuzwa kwa CBS na Turner mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.8, miaka 14. Mwaka 2016 wakaongeza miaka 8 kwa bilioni 8.8, inafika 2032. Mchezaji alikuwa anapata ada, chumba na chakula. Mahakama yao ya Juu kabisa ilipoamua kesi ya Alston Juni 2021, majaji wote tisa waliikatalia NCAA kubana misaada ya kimasomo kwa wachezaji.

---

Pembe Tatu

Mimi nitapinga kidogo, msinipige mawe.

Mnaongea kama vile mjomba ni mwizi tu. Mtoto wa Temeke ana futi 6 na inchi 10, hana viatu vya saizi 17, timu yake inafanyia mazoezi kwenye lami yenye mashimo. Nani atamlipia tiketi? Serikali? TBF, shirikisho letu la kikapu? Anatokea mtu mmoja anauza kiwanja, anampeleka. Leo dogo akisaini, huyo mtu akiomba chake mnamwita dalali. Hashimu Thabiti alifikaje Marekani? Alitoka Dar akaingia shule Houston, akaenda Connecticut, 2009 akachaguliwa wa pili NBA nzima. Mnadhani alipanda daladala?

---

Mzee wa Ribaundi

@Pembe Tatu nakubali nusu. Aliyelipa tiketi arudishiwe tiketi yake, tena na faida, kwa karatasi. Ugomvi wangu ni pale malipo yanapogeuka umiliki, mtu anaamua dogo asome wapi kwa kuangalia nani kaongeza dau.

Na kwa kuwa umetaja Connecticut: msimu ule ule wa mwisho wa Hashimu, Machi 2009, timu iko njiani kuelekea nusu fainali, ikaripotiwa kwamba chuo kilivunja taratibu kumpata mchezaji mwingine, Nate Miles. (Narudia, Miles, si Hashimu.) Aliyekuwa akimlea Miles ni wakala aliyewahi kuwa mwanafunzi meneja wa timu hiyo hiyo. Yaani mjomba alitokea ndani ya nyumba. Miles alifukuzwa chuo kwa mambo mengine kabla hajacheza mechi hata moja, na kocha Jim Calhoun akafungiwa mechi tatu. Tatu!

---

Houston Mswahili

Wakuu salaam kutoka huku mbele. Naishi Texas muda mrefu na nimeona hizi mambo kwa macho, kwa hiyo niongezee kwa upande wa Waafrika maana hapo ndipo uzi ulipo.

Hii si mpya. Manute Bol, Mdinka kutoka Sudan, alipoletwa mwanzoni mwa miaka ya themanini alipitia Cleveland State. Hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Lakini 1988 NCAA ilikiadhibu chuo kile kwa misaada ya fedha isiyoruhusiwa kwake na kwa Waafrika wengine wawili.

Halafu kuna Silvio De Sousa, Muangola. Huyu ndiye mfano wangu mkubwa. Alijiunga na Kansas, chuo cha Adidas, na kufika nusu fainali 2018. Kwenye ile kesi ya New York, mtu wa Adidas aliyekuwa anaendesha timu ya vijana, T.J. Gassnola, alitoa ushahidi kwamba alimpa mlezi wa De Sousa dola 2,500, na akakubali kutoa 20,000 zaidi ili mlezi ajinasue kwa upande mwingine uliokuwa umeshamlipa dola 60,000 dogo aende chuo kingine. Soma tena polepole. Mlezi alishapokea huku, anataka kupokea kule ili alipe huku. De Sousa hakuwa na shilingi mfukoni. Februari 2019 NCAA ikamfungia msimu uliobaki na mwingine mzima. Akakata rufaa, Mei wakamrudishia. Gassnola kwa kuwa alishirikiana na serikali hakwenda jela.

Kwa hiyo @Pembe Tatu swali la "nani alilipa tiketi" lina pacha wake: mtoto anajua ameuzwa kwa nani?

---

Pembe Tatu

Hapo kwa De Sousa nanyamaza.

---

Kapuku Original

NCAA nao wana vituko. Peter Jurkin wa Sudan Kusini aliletwa na taasisi moja ya Bloomington, Indiana, inayosomesha vijana wa nje. Kocha aliyemlea, miaka ya 1986 hadi 1992, alikuwa ameichangia Indiana University jumla isiyofika dola 200, kisa alinunuliwa stika za gari. Kwa kanuni zao ukishachangia wewe ni "mfadhili wa timu" mpaka kaburini. Novemba 2012 Jurkin na mwenzake kutoka Colombia wakafungiwa mechi tisa kila mmoja. Stika!

Ila James Wiseman ndiye aliyenyolewa kavu. Penny Hardaway, nyota wa zamani wa NBA, alimpa mama wa Wiseman dola 11,500 ahamie Memphis, wakati Penny ni kocha wa shule. Baadaye Penny akawa kocha wa chuo. Kwa kuwa 2008 alikipa chuo dola milioni moja, naye ni mfadhili. Mtoto akafungiwa mechi 12 na kuambiwa atoe 11,500 kwa hisani. Mwanafunzi! Akaondoka zake, 2020 akachaguliwa wa pili NBA.

---

Mtoto wa Lushi

Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi. Oscar Tshiebwe ni mutoto ya kwetu huku. Watu banazani ukifika Amerika franga inatoka siku ile ile. Hapana. Alikuwa muchezaji bora ya vyuo vyote 2022, wazungu wanalipwa matangazo kila siku, yeye viza yake inamukataza. Muulize yule wa Houston aeleze vizuri, mi kwa sheria si muzuri.

---

Houston Mswahili

@Mtoto wa Lushi asante ndugu yangu, umegusa kidonda chenyewe.

Kijana wa kigeni anasoma kwa viza ya F-1. Viza hiyo inabana kazi ya kulipwa. Kwa hiyo Julai 2021 wenzake walipofunguliwa mlango, yeye akabaki barazani. Tshiebwe alikuwa Kentucky, anaongoza Marekani nzima kwa ribaundi, 15.1 kwa mechi, sura yake iko kila mahali. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za maandalizi, ndipo alipofanya kazi za matangazo, kwa sababu alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi anasubiri avuke bahari ndio apige picha za kulipwa.

Khaman Maluach naye hivyo hivyo. Msudani Kusini aliyekulia Uganda, akapitia akademi ya NBA pale Senegal, akacheza ligi ya Afrika ya BAL, akaenda chuo cha Duke 2024. Na huyo alipata balaa la ziada: Aprili 2025, wikiendi ile ile ya nusu fainali pale San Antonio, serikali ya Marekani ikatangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Juni akachaguliwa wa kumi NBA, amepona. Lakini fikiria yule asiye Maluach, anayekaa benchi kwenye chuo ambacho hata huku hatukijui.

Sasa unganisha na alichosema mwanzisha uzi. Mmarekani leo ana wakala, mkataba, na pesa inaingia benki. Mwafrika wa F-1 anaambiwa "subiri, wanasheria wanatafuta njia". Kwenye huo mwanya anaingia nani? Yule yule mjomba. "Mimi nitakushikia." "Tutumie kampuni ya rafiki yangu." Yaani 1996 imehamishiwa kwa wageni peke yao.

---

Omwami wa Kakamega

Halafu si wote wanateseka. AJ Dybantsa, babake ametoka Congo-Brazzaville, lakini kijana amezaliwa Marekani. Alipochagua chuo cha BYU iliripotiwa mamilioni ya dola, hadharani, na mzee wake akawa anajibu waandishi bila kujificha. Ndio tofauti ya pasipoti hiyo.

---

Mzee wa Ribaundi

@Omwami na hapo kuna jambo limenikaa. Baba ya Bowen alipokea karibu elfu ishirini kwenye maegesho, watu wakaenda jela. Miaka kadhaa baadaye baba mwingine anazungumzia mamilioni mezani na anaitwa mzazi makini. Sheria ya nchi kuhusu udanganyifu haijabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kitabu cha kanuni cha NCAA, ambacho ndicho kiliifanya ile laki moja kuwa jinai. Wakati wa rufaa, Januari 2021, jaji mmoja kati ya watatu alitofautiana na wenzake kwa sehemu, lakini hukumu zikabaki. Miezi sita baadaye kanuni yenyewe ikalegezwa. Dawkins mpaka leo nadhani anaangalia kalenda na kushangaa.

---

Binti Kurasini

Samahani narudi. Niliuliza lile swali la kwanza kwa sababu. Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, anacheza pale Don Bosco Upanga na JMK Park, mrefu kweli. Kuna kaka mmoja anasema kamtafutia shule ya sekondari Marekani, ada bure, tuchangie nauli na "usajili", na dada asaini karatasi ya kumpa yeye ulezi. Dada amefurahi mno, mimi moyo mzito. Nimwambie nini?

---

Houston Mswahili

@Binti Kurasini dada yangu, usimkatishe tamaa mama wa mtoto, ila msisaini kitu bado.

Dai fomu ya I-20. Bila hiyo hakuna viza ya F-1, na inatolewa na shule, si na kaka. Shule lazima iwe kwenye orodha ya serikali ya zinazoruhusiwa kupokea wageni, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Akisema ni shule ya umma, muulize mwaka wa pili itakuwaje, maana kwa F-1 sekondari ya umma ni miezi 12 tu na gharama inalipwa yote, hakuna cha bure.

Pigeni simu shuleni wenyewe, kwa namba mliyoitafuta nyinyi. Kuna shule ndogo ya binafsi Charlotte, North Carolina, mmiliki wake alikiri mahakamani 2018 kwamba alikuwa anatoa karatasi za uhamisho kwa vijana wa kigeni ambao hawakuwa wanasoma kwake, analipwa kwa kichwa. Vijana walikuwa wanacheza kwingine, darasani hawaonekani.

Masomo msiyaache. NCAA daraja la kwanza wanataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3. Shule ya magumashi ikimpa alama za uongo, mtoto anafika umri wa chuo anaambiwa hafai, na mjomba keshahamia kwa mwingine.

Ulezi: mama anaweza kuandika ridhaa ya matibabu na ya kuishi kwa familia fulani, yenye jina na anwani, kwa muda. Kumkabidhi mtu ulezi wote ni jambo lingine. De Sousa alikuwa na mlezi.

Na pasipoti ya mtoto iko wapi sasa hivi?

---

Binti Kurasini

Anayo huyo kaka. Alisema anaipeleka kufanyiwa miadi ya ubalozi.

---

Pembe Tatu

Hapana dada. Miadi inafanywa mtandaoni, unajaza namba ya pasipoti, haihitaji kukaa kwake. Mimi ndiye niliyekuwa namtetea mjomba hapo juu na nakwambia ichukue leo.

---

Binti Kurasini

Nimempigia mbele ya dada. Anasema I-20 ipo ila ataileta Jumatatu, na kwamba tukichelewa kulipa usajili nafasi inachukuliwa na mtoto mwingine.

---

Mzee wa Ribaundi

Msilipe. Jumatatu nendeni wawili, pasipoti kwanza, karatasi baadaye. Akileta hiyo I-20, funika jina la mtoto na namba zake, weka hapa jina la shule tu. Houston atapiga simu.

---

Houston Mswahili

Nipo. Huku ni nyuma saa nane au tisa kutegemea msimu, kwa hiyo mkiweka mchana wenu mimi ndio naamka.